Staring Analia

Katika kibanda cha video cha mtaani kwetu kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: usipokuwa na shilingi kumi, unatazama kupitia tundu la mabati mpaka ufukuzwe. Ya pili: staring hafi. Hii ya pili hakuna aliyeiandika popote, lakini kila mtoto wa Eastlands aliijua kabla ya kujua kusoma. Staring anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kufungwa kamba na kutupwa mtoni, lakini wewe tulia, nunua njugu za tano, staring anarudi. Na akirudi ni kulipiza tu. Tulipiga makofi kila jambazi alipoanguka. Wengine tulihesabu kwa vidole.

Kulikuwa na sheria ya tatu ambayo hata haikuhitaji kutajwa. Staring halii. Wakimuulia mke, anakaza taya. Wakimuulia rafiki, anajifunga kitambaa kichwani na kuchukua bunduki. Machozi yalikuwa ya akina mama na watoto. Tulirudi nyumbani jioni tukifanya mazoezi ya kukaza taya.

Nataka kuwaambia habari za staring anayelia. Na nataka kugombana kidogo.

Ugomvi ulianza mwezi uliopita, kwenye kikao cha waandishi hapa mjini, zile jioni ambapo mashairi husomwa na kahawa huuzwa ghali. Mtu aliniuliza siku hizi natazama nini. Nikamjibu kwa ukweli: naimaliza *Kamen Rider Kuuga* kwa mara ya pili. Ikabidi nieleze kwamba ni kipindi cha Kijapani cha shujaa anayevaa mkanda, anageuka, anapigana na madubwana, anapanda pikipiki. Kaka mmoja ninayemheshimu, aliyechapisha vitabu wakati mimi bado navaa kaptula, akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Wewe mzee mzima bado unaangalia vitu za watoto? Watu wamevaa mipira?" Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana ndivyo tulivyofunzwa: ukichekwa, cheka.

Jibu lilinijia nikiwa ndani ya matatu, kama kawaida ya majibu. Hili hapa, kaka.

Kwanza tuweke mambo sawa. Kamen Rider ilianza mwaka wa 1971, kazi ya mchora katuni Shotaro Ishinomori. Wengi wetu hatukuwahi kuiona, lakini binamu zake tuliwaona: Power Rangers, waliotengenezwa Marekani kuanzia 1993 kwa kukata vipande vya mapigano kutoka vipindi vya Kijapani na kuwabandika watoto wa Kimarekani katikati. Kwa hiyo kaka, hata wewe umetazama watu waliovaa mipira. Tofauti ni kwamba ulitazama ngumi na hukuonyeshwa hadithi yenyewe.

Baada ya 1989 hakukuwa tena na mfululizo wa Kamen Rider kwenye runinga ya Japani kwa zaidi ya miaka kumi. Ishinomori alifariki 1998. Kisha tarehe 30 Januari 2000, katika kituo cha TV Asahi, ikaja *Kuuga*. Sehemu 49, ya mwisho ikiwa ya tarehe 21 Januari 2001. Ilirushwa Jumapili asubuhi, saa ambayo watoto wanakunywa uji.

Staring wake anaitwa Yusuke Godai, na ameigizwa na Joe Odagiri. Godai hana kazi ya maana. Ni mtu wa safari, hurudi Tokyo mara mojamoja, husaidia mkahawani, na ana kadi ya kujitambulisha inayosema yeye ni mtu anayefuata ndoto, mwenye ujuzi 2000. Si ujuzi wa kuweka kwenye wasifu wa kuombea kazi. Ni kurusha vipira hewani, kupika, kuchekesha watoto. Mnaojua swali la "siku hizi unafanya nini?" kutoka kwa shangazi kwenye harusi, mtaelewa kwa nini nilimpenda papo hapo. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa tatu, karo ilipokwama. Tangu hapo riziki yangu ni kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Niliyeshindwa kumaliza shahada yangu nimemaliza kadhaa za watu wengine. Saa nane usiku, nikisubiri mteja aseme kama ukurasa wa tisa unamridhisha, ndipo nilipoanza kumtazama Godai, kwa maandishi ya chini yaliyotafsiriwa na mashabiki.

Sasa ule mkahawa. Ndani yake kuna mzee mcheshi mwenye porojo nyingi, kuna chakula, kuna watu wanaoingia na kutoka. Katika sehemu za mwanzo nikasikia mtu akiutaja jina. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Porepore. Mkahawa unaitwa Pole Pole, jina la Kiswahili, neno letu lile lile. Wajapani wamelijua neno hili kwa muda. Hata Tokyo kwenyewe kuna jumba la sinema liitwalo Pole Pole Higashi-Nakano. Lakini mimi sikujua. Nilikaa pale gizani, mtu wa Kayole, nikitazama neno la nyanya yangu likiwa jina la mahali ambapo shujaa wa Kijapani huosha vyombo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hivi vitu havituhusu. Neno letu lilifika kule likapewa mlango na meza.

Hilo ni la kufurahisha tu, bado si hoja yenyewe. Hoja iko ndani ya neno lenyewe.

Sisi tuna "polepole" ya kwenda taratibu, na tuna "pole" ya kumpa aliyeumia. Mtu akijikwaa mbele yako unasema pole, na si wewe uliyeweka jiwe. Jirani akifiwa unasema pole, na si wewe uliyeua. Pole haimaanishi umekiri kosa. Inamaanisha: nimeona kwamba umeumia, na sitapita kana kwamba sijaona. Nimetazama sehemu 49 za *Kuuga* nikitafuta maneno ya kueleza kile kinachofanya kipindi hiki kiwe tofauti, na mwishowe nimerudi pale mkahawani. Hiki ni kipindi cha shujaa anayesema pole.

Maadui wanaitwa Grongi. Wamefukuliwa kutoka kaburi la kale huko Nagano, wanafanana na watu, wanageuka kuwa madubwana, na wanaua. Kwa nini wanaua? Ni mchezo. Una sheria, una idadi, una muda, na anayefaulu anapanda ngazi. Mmoja huwaua watu kwa utaratibu fulani, mwingine kwa utaratibu mwingine, na polisi wanabaki wakikuna vichwa juu ya ramani kutafuta mantiki. Tena wanazungumza lugha yao, na kipindi kilipoonyeshwa hakikuitafsiri. Mtazamaji anakaa kama raia wa Tokyo: watu wanakufa, wauaji wanazungumza na kucheka, na hujui wanasema nini. Unajua tu kwamba hesabu inaendelea.

Mtu wa kwanza kuuawa na mkubwa wao ni profesa aliyekuwa akichimba lile kaburi. Ana binti, msichana wa shule. Kipindi cha kawaida kingemwonyesha akilia mara moja kwenye mazishi, kisha tungesonga mbele kwenye pikipiki. *Kuuga* inamrudia. Msichana anaona polisi wakikimbizana na madubwana mapya kila siku huku kifo cha babake kikizidi kusukumwa chini ya faili nyingine, na anauliza swali ambalo katika nchi yetu familia nyingi bado zinauliza nje ya milango ya ofisi: yaani babangu hakuwa mtu? Godai anaacha mengine na kumtafuta. Hana jibu la maana la kumpa. Anakaa naye. Na kumbuka ni machozi ya msichana huyu yaliyomfanya Godai akubali kupigana. Kabla ya hapo aligeuka nusunusu, mweupe, dhaifu, kwa sababu moyo haukuwa umeamua. Alipomwona analia ndipo ndani ya kanisa linaloungua akageuka mwekundu. Hakuna aliyemuulia mke. Alimwona mtoto wa mwenzake akilia, ikatosha.

Sasa tufike kwenye sehemu ya 34 na ya 35, maana hapa ndipo ninagombana na mashabiki wenzangu.

Katika sehemu hizi mmoja wa Grongi anawawinda wavulana wa shule moja ya sekondari. Anawachoma sindano isiyoonekana kichwani. Hawafi papo hapo. Wanakufa siku nne baadaye, na yeye huwafuata kuwaambia kwamba watakufa, kwa sababu hofu yao ndiyo utamu. Anakwenda hadi kwenye mazishi kutazama wengine wakitetemeka. Godai anaposikia sababu, kitu kinakatika ndani yake. Anapomkamata dubwana yule, hampigi kama staring. Anampiga kama mtu aliyepandwa na wazimu. Ngumi, ngumi, ngumi, damu, pumzi nzito, na hakuna ule muziki wa kutuambia tushangilie. Dubwana limeshindwa zamani na bado anapiga. Linapokwisha, Godai anajiona akilini katika umbo jeusi lenye pembe, kile kiumbe ambacho maandishi ya kale yameonya kwamba kitaleta giza. Adui wa baadaye anaweza kuwa yeye mwenyewe.

Nendeni mkatafute video fupi za tukio hili. Zimekatwa vizuri, zimewekwa muziki wa kuchemsha damu, na chini yake mashabiki wameandika wanachoandika watu wa kibanda cha video: mpige! muue tena! kipigo bora kuliko vyote! Watu wamechukua onyo na kuligeuza sherehe. Wameondoa dakika zinazofuata, zile za Godai akiwa kimya, na kubaki na ngumi. Ni yale yale ya Power Rangers, ila safari hii tumekata wenyewe.

Na hapa lazima niseme jambo langu, maana ni rahisi kusimama juu ya jiwe na kuhubiri.

Nilikuwa kapteni wa bweni katika kidato cha tatu, shule ya bweni ambayo haina haja ya kutajwa kwa sababu ingeweza kuwa yoyote. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za nchi hii tangu 2001. Nilipofika sekondari, habari hizo zilikuwa bado hazijafika. Walimu walitupiga, nasi tukawapiga mono, wale wa kidato cha kwanza, tukaita nidhamu. Kulikuwa na mmoja mdogo, mwembamba, aliyekuwa na tabia ya kucheka akiogopa. Wengine hulia, yeye alicheka. Usiku mmoja baada ya taa kuzimwa nikasikia kicheko chake, nikamtoa kitandani, nikamzaba kofi. Akacheka. Nikamzaba lingine. Bweni zima likaanza kucheka, na kadiri walivyocheka ndivyo mkono ulivyokuwa mwepesi. Sikuhesabu. Wengine walihesabu, kwa sauti.

Ukweli ninaotaka kuuandika ni huu: nilifurahi. Sikuwa na hasira. Ningekuwa na hasira ningekuwa na kisingizio. Nilisikia joto likipanda kutoka kiganjani hadi begani, nikasikia bweni likiwa langu, nikalala usingizi mzuri. Kesho yake mwalimu wa zamu aliona uso wa yule kijana, akaniangalia, akasema tu, "Kapteni, kwa kiasi."

Kwa kiasi. Hayo ndiyo maadili tuliyopewa kuhusu kupiga. Swali la kama ni halali halikuwepo. Swali lilikuwa kipimo.

Ndiyo maana napoambiwa *Kuuga* ni ya watoto, najibu: laiti. Laiti mtu angetuonyesha sisi tukiwa watoto. Tulionyeshwa mamia ya watu wanaopiga vizuri. Hatukuonyeshwa hata mmoja ambaye mkono unamuuma baada ya kupiga, na si kwa sababu ya mfupa. Godai anasema wazi kwamba hapendi hisia ya ngumi inapotua. Dadake ni mwalimu wa chekechea. Rafiki yake wa chuo anamsaidia kusoma maandishi ya kale. Daktari anayemkagua anaona kwenye picha za eksirei jinsi lile jiwe tumboni linavyotandaza mizizi yake mwilini, sawa kabisa na ilivyo kwa Grongi, na anamwonya kwamba anaweza kugeuka silaha, kiumbe cha kupigana tu. Kila mtu anayempenda anaogopa asibadilike. Na yeye anawaonyesha dole gumba, anatabasamu, anasema yuko sawa. Kwa sehemu 40 na zaidi anatabasamu. Mtazamaji makini anaanza kuchoka kwa niaba yake. Unaanza kuona kwamba lile tabasamu ni kazi, labda ngumu kuliko zote.

Kisha inakuja sehemu ya 48.

Ni mlimani, kwenye theluji. Mkubwa wa Grongi, Daguva, ni kijana aliyevaa nguo nyeupe, mpole kwa sura, aliyeteketeza watu wengi kwa moto kwa sababu anataka mtu wa kumfurahisha. Wanageuka, wanapigana, mikanda inavunjika, nguvu zinaisha, na pale ambapo kipindi kingine kingetoa roboti au upanga mpya wa kuuzwa dukani, hiki kinawavua wote wawili. Wanabaki wanaume wawili kwenye theluji, midomo inatoka damu, wakizabana ngumi za mikono mitupu. Daguva anacheka. Anacheka kwa furaha halisi, kama mtoto aliyepata mwenzake wa kucheza. Na Godai, mtu wa tabasamu, analia. Anapiga huku analia. Machozi yanachanganyika na damu na hafuti, maana mikono ina shughuli.

Nilisimamisha picha pale. Nikazitazama nyuso mbili. Kaka, ukiziba nyuso zile kwa kiganja, huwezi kutofautisha shujaa na muuaji. Ngumi ni ile ile. Damu ni ile ile. Hata nguvu zao zimetoka kwenye mawe ya aina moja. Kilichobaki kuwatenga ni kwamba mmoja anafurahia na mwingine anaumia. Hiyo tu. Na kipindi cha watoto, Jumapili asubuhi, kikaweka uzito wa mwaka mzima juu ya tofauti hiyo ndogo na kusema: hii ndiyo yote, msiipoteze.

Mimi najua niko uso upi. Nilikuwa bwenini, nilivaa pajama, na nilikuwa nacheka.

Kuna jambo jingine ambalo nataka tulitazame kama raia. Mwenzake Godai ni afisa wa polisi, Kaoru Ichijo. Mwanzoni polisi wanampiga Godai risasi. Kwao yeye ni kiumbe kisichojulikana, wanampa nambari, Nambari Nne. Polepole, na nalitumia neno hilo makusudi, Ichijo anamjua mtu aliye ndani ya ile nambari. Na kabla ya pigano la mwisho, anamwomba radhi. Anamwambia kwamba hakutaka kumwingiza katika haya, kwamba angependa Godai awe na safari zake tu. Polisi anamwomba raia msamaha kwa mzigo ambao serikali ilipaswa kuubeba yenyewe.

Nilitazama tukio hilo baada ya Juni 2024. Sitasimulia tarehe 25. Mlikuwepo, au mlikuwa kwenye simu mkiwatafuta waliokuwepo. Vijana walipigwa risasi wakiwa na bendera na chupa za maji. Nangojea bado afisa mmoja, hata mmoja, asimame mbele ya mama mmoja bila wakili na bila kipaza sauti, aseme pole. Badala yake tuliambiwa kuhusu kiasi. Nguvu iliyotumika ilikuwa ya kiasi. Nikamkumbuka mwalimu wa zamu.

Najua mtaniambia: tusijifanye watakatifu, sisi raia je? Sawa, nakubali. Mtaani kwetu kijana akishikwa na simu isiyo yake, kabla hajaulizwa jina mtu ameshatafuta tairi. Na wapo wanaorekodi, na ukisikiliza video zile sauti ikiwa juu, kuna anayecheka. Daima kuna anayecheka. Tunaita haki. Lakini haki haina sababu ya kuchekesha.

Wapo watakaosema mimi nahubiri unyonge, nataka watu wasimame wapigwe. Hapana. Godai hakukaa nyumbani. Kila mara aliinuka na kwenda. Kabla hata hatujafika katikati ya mfululizo, daktari anasimama juu ya mwili wake na kutangaza kwamba amekufa, na akazinduka akarudi kazini. Kuna wakati lazima mtu asimame kati ya muuaji na mtoto, na pale maneno hayatoshi. Ninachosema ni kwamba hata wakati huo, ukishamaliza, uketi. Usiombe makofi. Usifanye wimbo. Anayepigana kwa sababu hana budi huwa na haraka ya kumaliza. Anayefurahia hutafuta mwingine.

Na kwa wale wa "tuna mashujaa wetu, mbona Wajapani?": tunao, na nawapenda, ila tazameni tunavyowasimulia. Mkuki, jeshi, adui ameanguka, sanamu. Nani alimuuliza mkongwe wa msituni usiku alikuwa anaota nini? Wajukuu wake wanajua. Walimsikia akipiga kelele usingizini. Hiyo haikuingia kitabuni kwa sababu staring halii.

Sitadanganya kwamba kipindi hiki hakina doa. Kinauza vitu vya kuchezea. Godai hugeuka mwekundu, buluu, kijani na zambarau, na ukiacha nyekundu ya mikono mitupu, kila rangi ina silaha yake, na usiniambie ni kwa sababu ya falsafa. Madubwana mengine ukitazama vizuri unaona mshono wa mpira. Kuna pigano moja au mawili nilikunywa chai yote. Lakini nimesoma riwaya zilizoshinda tuzo ambazo mtu anapigwa kila ukurasa wa kumi na mwandishi hana habari kama inauma. Nipe mshono.

Sehemu ya 48 inaitwa "Kuuga". Ya 49, ya mwisho, inaitwa "Yusuke". Jina la shujaa kwanza, kisha jina la mtu. Na katika ile ya mwisho hakuna pigano. Imepita miezi mitatu. Ichijo anazunguka akiwatembelea watu wote tuliowajua, wanakunywa chai, wanaongea, na Godai hayupo. Ameondoka. Tunamwona mwishoni kabisa, kwenye ufukwe wa nchi ya mbali, akirusha vipira mbele ya watoto mpaka wanacheka. Hakupewa nishani. Alikwenda kutafuta tabasamu lake mahali ambapo hakuna anayejua alichofanya. Dakika zaidi ya ishirini za runinga ya watoto zilitumika kusema kwamba mtu aliyelazimika kuua, hata akiwa na haki, anahitaji muda. Aende polepole.

Mwaka jana nilipanda matatu ya kurudi mtaani. Makanga alipofika kwenye kiti changu na mkono wa nauli, akaniangalia, kisha akacheka. Nilikijua kicheko kabla ya kuujua uso. Amenenepa, ana ndevu, ana sauti ya kujaza gari. "Kapteni!" akaniita mbele ya abiria wote. Nikatoa hamsini. Akairudisha mfukoni mwangu. "Kapteni halipi." Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa marafiki wa shule. Nikacheka nao.

Tulikuwa na dakika arobaini za foleni. Alipita karibu yangu labda mara sita. Neno lenyewe lina silabi mbili. Nilishuka steji yangu bila kulitamka.

Kwa hiyo kaka, ndiyo, natazama watu waliovaa mipira. Natazama mpaka nijifunze. Namba ya gari lile ninayo, na najua linapakia steji gani.